Taa Moja Kwanza: Jinsi ya Kuanza Kupiga Potreti Kwenye Studio Ndogo

Maswali ni yaleyale kila wiki. Ninunue taa ngapi, ninunue wati ngapi, softiboksi (lile boksi la kitambaa jeupe la kulainisha mwanga) au mwavuli, mbona uso unang'aa mafuta alafu ukutani kuna kivuli cheusi cha kichwa, mbona nusu ya picha imetoka nyeusi tii. Nimeona niandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza tena namtumia hii tu.

Msimamo wangu nautoa mapema: anza na taa moja. Bei ni sababu ndio, lakini sio sababu kubwa. Ukianza na taa tatu siku ya kwanza hutajua kivuli hiki kimeletwa na ipi, utabaki unazungusha vinobu na kufyatua tu mpaka itoke moja inayoeleweka, na kesho mteja mwingine akija unaanza upya. Taa ikiwa moja, kila kinachoonekana usoni umekileta wewe kwa pale ulipoiweka. Na kwa wale wanaosema vifaa ndio kila kitu, mpiga picha Seydou Keïta wa Mali alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 na picha zake nyingi zinazoning'inizwa kwenye majumba ya sanaa leo alizipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma kaweka kitambaa.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kamera yoyote yenye modo ya M, yani ya kuseti kila kitu kwa mkono, na sehemu ya kuchomeka flashi juu. Lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55, inatosha kabisa, itumie ikiwa kwenye 55. Ukiwa na 50mm au 85mm ni vizuri zaidi. Usipige sura ya mtu kwa 18, utamkuzia pua na masikio yatarudi nyuma, alafu utalaumu taa.

Flashi moja inayoweza kuwekwa nguvu kwa mkono, yani ile unayochagua 1/1, 1/2, 1/4 mpaka 1/128. Za betri kama Godox TT600 au Yongnuo 560 zinafaa kuanzia. Kama una hela zaidi chukua ile mashine ya kuchomeka ukutani ya wati 300 au 400, ila kwa chumba kidogo mara nyingi utajikuta unaitumia chini kabisa ya nguvu yake.

Triga ya kuwashia flashi kwa mbali. Hapa soma vizuri kwasababu watu wanapoteza hela: Canon 2000D, 4000D na 250D hazina ile pini ya katikati pale juu pa kuchomekea flashi, kwahiyo triga za bei chee zinazotegemea pini hiyo moja hazitafyatua kitu. Mwambie muuzaji aina ya kamera yako na ujaribu palepale dukani kabla hujatoa hela.

Stendi, na kiroba cha mchanga cha kuwekea miguuni mwake. Usicheke. Softiboksi ikiwa juu stendi inakuwa nzito kichwani, mtoto akipita au feni ikipuliza inaanguka, na ikimuangukia mteja hiyo biashara imeisha.

Softiboksi ya kama sm 80 mpaka 100, au mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga. Mwavuli ni rahisi na unafunguka haraka ila unamwaga mwanga chumba kizima, softiboksi inautuliza sehemu moja. Kwa chumba kidogo chenye kuta karibu mimi nachagua softiboksi bila kufikiria mara mbili.

Bodi nyeupe kubwa, hata lile povu gumu linalokuja kwenye boksi la friji au TV linafaa. Kitambaa cheusi kisichong'aa, mita 3 hivi. Kiti kisicho na mgongo. Tishu na poda isiyo na rangi. Betri za kuchaji AA seti mbili, sio zile za redio, zile zinachelewa kujaza flashi na zinaisha kabla hujamaliza mtu wa kwanza.

Je taa za LED za kuwaka muda wote? Zinafaa, na faida yake unaona kivuli kabla hujapiga. Ila za bei ndogo hazina nguvu, utapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kushusha shata (kasi ya kufyatua), mtu akitikisika kidogo picha inatoka na ukungu. Kanuni za kuweka taa ni zilezile, kwahiyo kama unayo tayari endelea kusoma.

HATUA

1. Zima kila kitu chumbani. Tubu, balbu, funga na pazia. Mwanga wa balbu una rangi ya njano, wa tubu mara nyingine una ukijani, flashi ina mweupe wa mchana, ukivichanganya shavu moja linakuwa la mtu mwingine. Angalia pia rangi ya ukuta. Vyumba vyetu vingi vimepakwa kijani au bluu na ukuta ukiwa karibu unarudisha rangi yake usoni, tundika shuka jeupe au kile kitambaa cheusi upande huo.

2. Mtoe mtu ukutani. Mita 1.5 mpaka 2 kutoka kwenye bakigraundi. Hili ndilo kosa namba moja la wanaoanza, wanamgandisha mteja ukutani kama anapigwa picha ya polisi, kivuli kinamkaa begani, alafu wananunua taa ya pili kukifuta. Msogeze tu. Kama chumba ni kifupi, sogeza kiti katikati na wewe piga ukiwa mlangoni.

3. Seti kamera. Modo M, ISO 100, shata 1/125, apecha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) f/8, rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya flashi au 5500K, na piga RAW, lile faili ghafi la kuhariri baadaye, kama kamera inaruhusu. Sasa piga picha moja triga ikiwa imezimwa. Itoke nyeusi kabisa. Ikionekana chochote ujue kuna mwanga wa chumba unaingia, rudi hatua ya kwanza. Usiruke jaribio hili, ndilo linalokuhakikishia kwamba picha inayofuata imetengenezwa na flashi peke yake.

Na ile mita ya ndani ya kamera inayokuambia picha ni giza, achana nayo. Haijui kama kuna flashi itawaka. Wenye kamera za mirolesi (zisizo na kioo ndani) skrini itakuwa nyeusi mpaka mtu haonekani, sio ubovu: kwenye Sony nenda Live View Display uweke Setting Effect OFF, kwenye Canon zima Exposure simulation.

Fokasi ikikataa kwasababu ya giza, washa kile kitaa kidogo cha mwongozo kwenye mashine yako, au acha balbu moja dhaifu pembeni. Kwa setingi hizo haitaonekana kwenye picha, na ukirudia lile jaribio utaona mwenyewe.

4. Weka taa. Simama mbele ya mtu, sogea pembeni kama nyuzi 45, hapo ndipo stendi inakaa. Pandisha mpaka katikati ya softiboksi iwe juu kidogo ya macho yake, alafu iinamishe imtazame usoni. Umbali: kama softiboksi ni sm 90 basi iweke kama sm 90 mpaka mita 1 kutoka usoni. Wengi wanaogopa kuisogeza, wanaiweka mita 3 huko ili isionekane kwenye picha. Kumbe ulaini wa mwanga unatokana na taa kuonekana kubwa kwa yule anayepigwa, na ukiirudisha nyuma inageuka kitaa kidogo na kivuli kinakuwa kikali. Sogeza mpaka ukingo wake uingie kidogo kwenye fremu, alafu rudisha nyuma kidogo tu.

5. Piga na upime. Flashi ya betri anza na 1/4, mashine ya wati 400 anza na nguvu ya chini kabisa au karibu na hapo. Picha ikiwa giza ongeza hatua moja, ikiwa imeungua punguza. Usiguse ISO, usiguse apecha, usisogeze stendi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Shata ndio kabisa usiihangaikie, haipunguzi wala haiongezi mwanga wa flashi. Na usihukumu kwa ung'avu wa skrini, washa histogramu (grafu ya giza na mwanga wa picha) na ile alama ya kumeta sehemu zilizoungua.

6. Soma kivuli cha pua. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo kwahiyo ntakaa kidogo. Kila kitu kuhusu taa yako kimeandikwa chini ya pua ya mtu, huhitaji kukumbuka majina wala michoro.

Kivuli kifupi kinachoshuka kwa mshazari kuelekea kona ya mdomo bila kugusa shavu: hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu yeyote, mkubwa mdogo, picha ya CV au ya send-off. Ukizungusha taa zaidi pembeni na kuipandisha kidogo, kivuli cha pua kinaenda kukutana na kivuli cha shavu na kinabaki kijipembetatu cha mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Hiyo inaitwa Rembrandt kwasababu ya yule mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, inawapendeza wazee, wasanii, watu wa sura nyembamba. Ukiendelea mpaka taa iko ubavuni kabisa nusu ya uso inapotea, ni nzuri kwa kava la nyimbo, mama wa bibi harusi akiiona atataka kurudishiwa hela.

Upande mwingine, ukiileta taa mbele kabisa juu ya kamera, kivuli kinakaa katikati moja kwa moja chini ya pua. Kwa picha za urembo na mekapu hiyo ndiyo yenyewe, mashavu yanachongeka. Ila kikifika mdomoni umeipandisha mno, na macho yatakuwa mashimo. Kivuli kikienda juu, yani taa iko chini ya kidevu, umetengeneza picha ya kutisha, shusha hasira pandisha taa.

Zoezi: mkalishe ndugu yako, usimwambie ageuke, wewe zungusha stendi kidogo kidogo toka mbele mpaka ubavuni, kila kituo piga moja, alafu rudia taa ikiwa juu zaidi. Zipange kwenye kompyuta ufuate pua tu. Jioni moja ya kazi hiyo inakufundisha kuliko video nyingi za watu wenye studio kubwa kama ukumbi.

7. Kagua macho. Lazima kuwe na alama ya taa ndani ya mboni, iwe sehemu ya juu, pale mshale wa saa unapokuwa saa nne au saa nane. Hakuna alama, jicho limekufa, shusha taa au mwambie ainue kidevu kidogo.

8. Leta bodi nyeupe. Upande wa pili wa uso, karibu kadri fremu inavyoruhusu. Itarudisha mwanga kwenye kile kivuli. Ikiwa karibu kivuli kinalainika, ikiwa mbali kinabaki. Ukitaka kinyume chake, picha iwe na uzito, ondoa bodi weka kitambaa cheusi hapohapo, kwasababu kwenye chumba chenye kuta nyeupe mwanga unarudi kila upande hata kama hukuuomba. Hiyo bodi ndiyo taa yako ya pili na haitumii betri.

9. Cheza na umbali. Ukiirudisha taa toka mita 1 mpaka mita 2, mwanga unaofika usoni haubaki nusu, unabaki robo. Yani ulikuwa 1/4 sasa unahitaji nguvu yote. Faida yake ni kwenye bakigraundi: uso ukiwa mita 1 toka kwenye taa na ukuta mita 3, ukuta unapata kama sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso, ndio maana ukuta wako mweupe unatoka kijivu. Taa ikikaribia zaidi ukuta unazidi kuwa giza. Ukitaka uwe mwepesi fanya kinyume, rudisha taa nyuma na mtu asogee ukutani kidogo. Kwahiyo ukuta mmoja mweupe unakupa rangi kadhaa bila kununua karatasi za bakigraundi.

NGOZI ZETU

Hii nimeitenga kwasababu mafunzo mengi ya mtandaoni yamefanyiwa ngozi nyeupe na ukiyanakili yalivyo yanakuangusha. Ngozi nyeusi umbo lake linaonekana zaidi kwa mng'ao, ule mwanga unaorudi juu ya ngozi. Ukitumia taa ndogo kali mng'ao unakuwa madoa meupe kwenye paji na pua, pembeni giza. Ukitumia taa kubwa iliyo karibu, mng'ao unatandaa na uso unajichonga wenyewe. Kwahiyo dawa sio kuongeza nguvu. Watu wakiona mteja ni mweusi sana wanapandisha flashi mpaka anatoka kijivu, mtu anajiona kachubuliwa. Mwache awe mweusi wake, hakikisha tu mng'ao upo na haujaungua, na bodi nyeupe au hata shuka jeupe likae ubavuni ngozi ipate kitu cha kurudisha.

Mafuta ya mgando yafute kwa tishu kwanza, kwa kugandamiza sio kusugua, alafu poda kidogo kwenye paji, pua na kidevu. Usiyamalize yote, ngozi kavu kabisa inatoka kama vumbi.

Kanzu nyeupe au shela na uso mweusi, hapa wengi wanalia. Ukiseti kwa uso nguo inaungua, ukiseti kwa nguo uso unazama. Usiielekeze softiboksi katikati ya mtu. Izungushe ipite mbele yake kidogo na uinyanyue, ili uso upate mwanga kamili na kifua kiguswe na ukingo tu. Ikigoma, funika sehemu ya chini ya softiboksi kwa kitambaa cheusi, kama ni flashi ya betri. Mashine yenye balbu ya moto ndani usiizibe na kitambaa.

Ushungi na kofia za vishungi vinaleta kivuli shavuni na machoni, shusha taa kuliko kawaida na uilete mbele zaidi.

IKIKATAA

Sehemu ya picha ni nyeusi, mstari umenyooka kabisa. Shata ni ya haraka kupita uwezo wa kamera kwa flashi, kamera nyingi mwisho ni 1/200 au 1/250 na triga za bei ndogo zinachelewa kidogo. Rudi 1/125.

Flashi haiwaki kabisa. Angalia chaneli na kundi kwenye triga na flashi vifanane, betri za triga, flashi imelala au vipi, na triga imesukumwa mpaka mwisho. Kwenye mirolesi angalia kama umewasha shata ya kimyakimya, kamera nyingi zikiwa hivyo hazifyatui flashi.

Moja nyeupe, moja giza, moja nyeupe. Unafyatua kabla haijajaza. Subiri kitaa au mlio, punguza nguvu, badili betri.

Mistari mistari kwenye picha ukitumia LED. Umeme wetu ni wa 50Hz na taa za bei ndogo zinapepesa nao. Shata 1/50 au 1/100.

Miwani inaakisi softiboksi. Pandisha taa kwanza. Bado ipo, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname. Usimvue miwani mtu anayevaa kila siku, hata nyumbani hawatamtambua.

Kivuli bado kipo ukutani. Mtu yuko karibu na ukuta au taa iko chini sana. Ikipanda, kivuli kinaanguka sakafuni nje ya fremu.

Umeme ukikatika, mashine ya ukutani ichomoe, usisubiri urudi na ule mshtuko wake. Na flashi ikiharibika usiifungue mwenyewe, ndani kuna kapasita inayoshika umeme mkali hata betri zikiwa zimetolewa.

Taa ya pili inunue siku ambayo unajua kabisa utaiweka wapi na kwanini, kwa mfano nywele nyeusi zinamezwa na bakigraundi nyeusi na unataka mstari wa mwanga begani, hapo iweke nyuma ya mtu pembeni, na uikinge isipige kwenye lenzi. Chukua inayokubali triga uliyonayo tayari.